Msiuze kamera za wazee kwa kilo

Mhariri,

Marehemu ami yangu aliniachia Fuji GW690, kamera ya filamu. Haina betri wala kipimamwanga, na filamu ya 120, ile pana ya kuviringisha, hutoa picha nane tu, kila negativu takriban sentimita sita kwa tisa. Juzi niliipeleka Mji wa Kale kupiga mlango wa nakshi. Ukichungulia unaona vivuli viwili vya msumari mmoja. Unazungusha lenzi taratibu mpaka vikutane, picha iwe kali, ndipo unafyatua.

Vifaa vyake nimevisaka mwaka mzima: kipimamwanga cha mkono, stendi ya miguu mitatu, waya wa kufyatulia. Kichungi cha manjano cha kuvisha lenzi nilikipata Kongowea kwa muuza vyuma kuukuu, tayari kimo kwenye mzani! Kuvu ilikuwa imetanda kiooni kama utando wa buibui. Unyevu wetu wa pwani hauna huruma. Mimi huhifadhi lenzi ndani ya kopo lenye vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu.

Wenzangu, kama babu zenu walikuwa wapiga picha, fungueni masanduku yao kabla hamjaita muuza vyuma. Tuulizeni sisi tunaozitumia kamera hizo.

Mpiga picha,
Majengo, Mombasa