Ekzosi ya jenereta si kazi ya bomba la maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu wa kulehemu wa hapa Goma, na wenye saluni na vibanda vya kuchaji simu wanaowapa kazi. Mteja anataka moshi wa jenereta uende mbali, fundi anachukua bomba la maji la nusu inchi, lile lililopakwa zinki, analichomelea kwenye mdomo wa ekzosi. Kazi inaisha upesi, injini inaanza kuumia hapo hapo.

Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 na kuchemka kwenye 907. Moto wa kulehemu uko juu sana ya hapo. Ule moshi mweupe wa zinki ndio unaomletea fundi homa na kutetemeka usiku. Chukueni bomba jeusi la chuma tupu, unene wa milimita 1.5, na fimbo za kulehemu za milimita 2 au 2.5.

Halafu upana. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa wembamba wa hewa peke yake injini ndogo hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake. Ukiiziba na pumzi ya kutoka, inabaki nini? Kwa injini ya sentimita za ujazo 163, kama Honda GX160 na zile zilizoigwa kwake, bomba la milimita 25 ndani linatosha kwa mita moja hivi. Likizidi mita mbili, weka la 38, ambalo nafasi yake ni zaidi ya mara mbili. Kona ya mraba ikatwe vipande vitatu au vinne, isiwe mkato mmoja. Bomba likibana, injini inachemka, bujia (plagi inayotoa cheche) inajaa masizi, na mwishowe vali ya kutolea moshi inaungua.

Anayetaka kuunda kizuia sauti chake, kopo la kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa 25 linabeba lita mbili karibu, na zinatosha. Bomba la ndani la milimita 25 litobolewe matundu ya milimita 4: arobaini yanalingana tu na mdomo wa bomba, kwa hiyo toboa themanini.

Panapoharibika zaidi ni kwenye flanji, kile kibao cha chuma chenye matundu ya bolti kinachofunga bomba kwenye injini. Usimalize kuilehemu ikiwa imefungwa kwenye injini, maana umeme unaweza kupitia kwenye beringi na kuzila. Ishike na bomba kwa nukta chache za kulehemu ili kupata pembe, fungua, ifunge kwa bolti kwenye kipande kinene cha chuma, kisha lehemu kidogo huku, kidogo kule, na usiifungue kabla haijapoa. Baadaye weka msasa juu ya kioo na uisugue uso. Panapong'aa peke yake ndipo palipoinuka. Endelea mpaka uso mzima ung'ae. Gasiketi, ile inayokaa kati ya flanji na injini kuzuia gesi isivuje, iwe ya shaba au ile iliyokuja na injini. Silikoni ya kawaida inaungua.

Jenereta imekaa juu ya raba na inacheza, ukuta hauchezi. Bomba gumu likishikwa pande zote mbili litapasuka kwenye maungio ya kulehemu, au ling'oe stadi (bolti iliyopandwa kwenye injini) kutoka kwenye alumini, na hiyo ni hasara kubwa. Tena chuma cha mita mbili kikipata joto la nyuzi 300 zaidi hurefuka karibu milimita 7. Weka kipande cha bomba la chuma linalopindika, sentimita 15 au 20, na bomba refu libebwe na mabano yake ukutani.

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji kama mvuke. Bomba literemke kutoka kwenye injini, sentimita 2 au 3 kwa kila mita, na mahali pa chini kabisa pawe na tundu dogo la kutolea maji. Likiinamia injini, maji yatarudi kwenye vali na silinda.

Nyumba nyingi hapa ni za mbao. Tundu la ukutani liache sentimita 10 kila upande wa bomba, lizibwe kwa mabati. Na viwanja vilivyobanana hivi, mdomo usielekee dirisha la jirani. Kutoka mahali pale pa chini penye tundu, bomba lipande hadi juu ya paa. Moshi huo una monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi, na ekzosi ndefu haimpi mtu ruhusa ya kuwasha jenereta chumbani. Baada ya saa chache za kazi, injini ikishapoa, kaza nati tena na utazame kando ya gasiketi: mchirizi mweusi wa masizi maana yake gesi hiyo inavujia hapo hapo, bado haijafika kwenye bomba.

Fundi wa injini ndogo,
Birere, Goma