Skuta ikianza kucheza mpini, usiipeleke ikachomelewe

Wiki hii pekee watu watatu wamerudi dukani na skuta za watoto wakisema tumewauzia mali mbovu. Mpini unacheza. Mama mmoja wa Likoni alisimama mlangoni akasema mbele ya wateja, "Mmenidhulumu." Iliniuma, maana skuta ile niliifunga kwa mikono yangu.

Skuta ya kukunja ina bawaba chini ya mpini, na bawaba hiyo hushikwa na bolti moja na nati yenye plastiki ndani. Kila ukiikunja kupanda feri au tuktuk, kila mtoto akiruka nayo kutoka ukingoni, bolti hulegea kidogo. Hilo si ubovu. Ilete ndani ya mwezi mmoja tangu uinunue, tukukazie bure. Baadaye ni shilingi 200, dakika tano tu.

Yule mama hakuileta kwetu kwanza. Alimpa fundi wa mageti aichomelee isicheze tena. Mpini ule ni wa alumini, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu, mapema mno kuliko chuma. Ilitoboka tundu la kupitisha kidole, na skuta haikunjiki tena. Tukabadilisha nguzo nzima ya mpini, shilingi 2,800. Aliona ghali, namwelewa, lakini siwezi kumfungia nguzo ya skuta nyingine: tundu la bolti likipishana hata milimita 1, mpini utacheza vilevile.

Kuna baba wa Kisauni aliyedondosha bolti akaweka msumari. Ulikatika mtoto akiteremka pale Mama Ngina, ufuoni Mombasa, akapasuka kidevu. Ule msumari ninao kwenye droo, una kutu ubavuni na unang'aa pale ulipokatikia.

Na zile zenye magurudumu mawili mbele, mpini hauzunguki kama wa baiskeli. Mtoto hulalia upande anaotaka kwenda. Tafadhali msiufungue kwa spana mkidhani umekwama.

Mkitoka ufuoni, ifuteni kwa kitambaa chenye maji ya mfereji, muikaushe. Mafuta ya kupikia hapana, hunasa mchanga ukaingia kwenye beringi.

Kabla mtoto hajapanda, kanyaga kibao, shika mpini, usukume mbele na nyuma. Ukisikia "ko", niletee siku hiyohiyo.