Picha zetu zinapaukia njiani, tusisingizie kamera

Mhariri naomba kanafasi kadogo niongee na wapiga picha wenzangu na hawa jamaa wa studio za kusafisha picha.

Mimi napiga picha za harusi hapa Mwanza. Juzi kati nikapeleka kazi ya sendofu ikasafishwe, bibi harusi kavaa nyekundu ile ya kuwaka, mashangazi wako na vitenge vya kijani, albamu inarudi nyekundu imepauka kama kanga ya kudekia na sura za watu zimeingia majivu. Mama mtu akafunua kurasa mbili akaniuliza, "mwanangu, hawa walikuwa wanaumwa?" Aibu niliyoipata we acha tu.

Nikalaumu mashine yao, kumbe kosa nusu langu nusu lao. Iko hivi, ndani ya faili rangi ni namba tu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja 0 mpaka 255. Sasa namba peke yake haitoshi, ni kama pale mpakani Sirari mtu akwambie shati ni elfu mbili, lazima uulize ya Kenya au ya Tanzania? Anayejibu hilo swali ni profaili ya rangi, kidude kinachokaa humohumo kwenye faili. Profaili ya kawaida inaitwa sRGB, ililetwa na kampuni za HP na Microsoft mwaka 1996 na ndiyo vifaa vingi vinaichukulia kama faili haijasema kitu. Mimi kamera nilishaiseti kwenye profaili nyingine, Adobe RGB, kwa sababu niliambiwa ina rangi nyingi, na ni kweli inazo, hasa kijani, ila namba ileile huko inamaanisha rangi kali zaidi. Programu ya studio ikang'oa profaili, namba zikabaki zimekaa tu, zikasomwa kama sRGB, ndo mpauko wote huo.

Ukitaka kujua kamera yako ikoje angalia jina la faili, Canon na Nikon zikiwa kwenye Adobe RGB jina linaanza na kistari cha chini, _MG au _DSC. Na ukienda kwenye kompyuta usibandike lebo ya sRGB juu juu, hiyo ni kuita shilingi ya Kenya ya Tanzania bila kupita kwa wabadilisha fedha, inatakiwa ukonvati, yaani uigeuze picha kutoka Adobe RGB iwe sRGB, ili namba zenyewe zibadilike.

Nilikonvati zote nikasafisha upya kwa hela yangu, nyekundu ikarudi. Ombi langu studio mbandike ukutani pale kwenye bei mnapokea profaili gani, na muache kuing'oa. Nilimwambia hivyo dada wa kaunta, akanijibu, "kaka, sisi tunaprinti tu."

Mpiga picha wa harusi,
Mwanza