Mwachie Neema Kazi Yake

Mama Neema, rafiki yangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili usiku watoto walipolala. Unasema Neema ana miaka 9 na bado akiulizwa jambo hukutazama usoni kwanza. Unauliza ulikosea wapi. Usinikasirikie, lakini nakumbuka mlipokuja kwetu nikamuuliza yuko darasa la ngapi, ukajibu wewe.

Wala sikucheki. Mimi mwenzio nilifanya vibaya zaidi. Kwa muda mrefu binti yangu alikuwa anaosha vyombo, nami navirudia. Nilikuwa nangoja atoke jikoni, nikidhani haoni. Siku moja nikavikuta kwenye sinki vina mapovu, yeye kaenda zake kucheza. Nikamwita kwa ukali. Akanijibu taratibu, bila ufidhuli wowote: "Si utavirudia, mama?" Nilikosa la kusema. Kumbe kila nilipomsifu kwa mdomo, mikono yangu ilikuwa inamwambia hawezi.

Tangu hapo nimekuwa nikifikiria sana utafiti wa wanasaikolojia wawili, Emmy Werner na Ruth Smith. Walifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mpaka wakawa watu wazima. Baadhi walikulia katika ufukara, nyumba za ugomvi, au kwa wazazi wenye maradhi ya akili. Hata hivyo, kama theluthi moja ya hao wa mazingira magumu walikua wakawa watu wanaojiweza, wanaojiamini na wanaowajali wenzao. Watu wakiusimulia utafiti huu hutaja yule mtu mzima mmoja aliyesimama na mtoto, akiwa bibi, shangazi, mwalimu au jirani. Ni kweli. Lakini mimi kilichonigusa ni kingine: wengi wao, walipokuwa wakubwa kidogo, walikuwa na kazi ya kweli nyumbani, kama kuwaangalia wadogo zao. Kazi ambayo wasipoifanya, mtu wao anataabika. Hebu fikiria mtoto anavyojiona akijua kuna mtu anamtegemea.

Simaanishi umtwishe Neema mzigo wako. Mpe jambo moja tu la kwake, dogo, ila lisiwe la kuigiza. Akisahau kumwagilia mimea, iache inyauke kidogo, naye aione. (Najua mkono utakuwasha. Ufiche mfukoni.) Na akiulizwa swali mbele za watu, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo kabla hujafungua kinywa. Kimya kitakuumiza wewe kuliko yeye.

Lile wazo lako la kumlipa Neema kila anaposaidia, mimi nisingelifuata. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wanasaikolojia Felix Warneken na Michael Tomasello waliwajaribu watoto wa miezi 20 tu. Waliopewa kitu cha kuchezea kila waliposaidia walipunguza kusaidia zawadi zilipokoma. Waliosaidia bila kupewa chochote waliendelea. Kwa hiyo moyo wa kusaidia tayari anao. Tusiugeuze biashara.

Kuhusu swali lako la atakuja kuwa nani ukubwani, kwa miaka 9 mimi nisingemhoji. Mwache aonje mambo mengi, na wewe mwambie kwa nini unaipenda kazi yako, si uchovu wake tu. Baba Neema naye amwambie.

Najua mama mkwe wako atasema samaki mkunje angali mbichi. Mwitikie kwa heshima, halafu rudi kwa Neema, maana mtoto hatumleti duniani tumkunje.

Hapa ninapoandika nasikia maji jikoni, na sasa hivi kuna kitu kimeanguka. Kwa mlio, nadhani ni sahani. Hajaniita, nami sijainuka.

Niandikie ukishajaribu ile hesabu ya mpaka kumi, uniambie ulifika ngapi.

Mwenzio akupendaye