Miezi ile haikupotea, tulikuwa tunapima mvua

Mhariri,

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kikao cha wazazi katika shule moja hapa Bagamoyo. Mwalimu kijana, kwa nia njema kabisa, akasema watoto waliokuwa shule ya msingi mwaka 2020 walipoteza zaidi ya miezi mitatu, ndiyo maana hesabu zao zinasuasua. Wazazi wakaitikia kwa vichwa. Mimi sikuitikia. Nimefundisha jiografia miaka 31, na wajukuu zangu watatu walikuwa mikononi mwangu tangu shule zilipofungwa kwa ajili ya korona Machi 17 hadi zilipofunguliwa Juni 29. Naomba nafasi niseme walichokuwa wakifanya.

Kwetu hakukuwa na amri ya kujifungia ndani kama kwa wenzetu wa Italia. Misikiti ilibaki wazi na soko liliendelea. Lakini mimi nina pumu, na wanangu walinikataza kabisa kuvuka kizingiti. Basi tukajifungia wenyewe, bibi na wajukuu, Dunda, nyumba ambayo upepo wa bahari huingia mlango wa mbele ukatokea uani. Nje masika yakawa yanashuka.

Mjukuu wa kati, wakati huo ana miaka minane, akaniuliza mvua ya usiku ule ilikuwa ndoo ngapi. Swali zuri. Tukatafuta kopo la maziwa lenye kuta zilizonyooka, tukalichimbia katikati ya ua, mbali na mwembe, na kila siku saa tatu asubuhi mmoja alitoka na rula. Niliwafundisha jambo ambalo hata watu wazima wengi hawalijui: milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Bati la nyumba yetu linafunika mita 8 kwa 6. Asubuhi moja ya Mei kopo likasoma milimita 62. Yule wa kati akachora hesabu sakafuni kwa chaki, akapata lita 2,976, akaenda kuchungulia pipa letu la lita 200 lililojaa pomoni, akarudi analia: "Bibi, mapipa 14 yamekwenda baharini!" Mwalimu mwenzangu aniambie hesabu hiyo inasuasua wapi.

Halafu kuna habari ya sabuni. Watu wa mtaani kwetu bado wanaidai niisimulie.

Siku zile kila mlango ulikuwa na ndoo ya koki na kipande cha sabuni. Sabuni yetu ikawa inapotea. Siku ya nne mdogo akajibanza nyuma ya pazia akamwona mwizi: kunguru mwenye shingo ya kijivu, jamii ile iliyoletwa Zanzibar miaka ya 1890 na leo imejaa pwani nzima. Anatua juu ya ndoo, anainamisha kichwa kukagua koki, anashuka kukagua beseni, anazunguka mara mbili, kisha anaondoka na sabuni. Watoto wakambatiza jina la Bwana Afya. Tukaitia sabuni ndani ya soksi, tukaifunga kwa kamba. Bwana Afya akaja na mwenzake, mmoja akishika soksi, mwingine akidonoa fundo.

Mwisho wa Aprili kusi, upepo wa kutoka kusini, lilivuma usiku kucha. Makuti ya jiko yalinyofolewa, na tawi la mwarobaini likadondoka uani pamoja na kiota. Asubuhi tukakuta ndani mna nyaya, mifupa ya samaki, kamba za barakoa na sabuni yetu, na mvua ikipiga juu yake kiota kizima kikawa kinatoa povu. Tulicheka mpaka mdogo akajikojolea. Wiki hiyohiyo msiba ulikuwa umeingia mtaa wa pili na hatukwenda kuzika. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu shule zifungwe, mkubwa alilala bila kuniuliza kama na mimi nitakufa.

Baraza ya jirani alikuwa anakaa nahodha mstaafu, sisi tukikaa yetu, njia ikiwa katikati, akifundisha kwa kupaza sauti. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inachoka mwezi gani; tanga mbili, majira yaliyo kati ya kaskazi na kusi, ni nini na kwa nini upepo wake hauaminiki; bamvua, yaani maji makubwa, na maji mafu, yaani maji madogo, vinafuata vipi mwezi wa angani. Aprili 8 mwezi mpevu ulikuwa karibu na dunia kuliko miezi mipevu mingine yote ya mwaka ule, na alasiri ile aliwatuma watoto dirishani watazame maji ya saa kumi yanavyopanda hadi ngalawa zilizovutwa mchangani zikaelea. Akawaambia dalili ya mvua ni mawingu. Mkubwa akambishia: "Babu, hapa Bagamoyo dalili ya mvua ni wenye dagaa kukimbia." Mzee alikubali kushindwa.

Mimi nikawasimulia kimbunga cha Aprili 15, 1872, kilichopiga Zanzibar na kuivunja misheni ya hapa kwetu, iliyokuwa na umri wa miaka minne tu. Mkubwa akataka kujua kama mbuyu wa misheni, ule unaosemekana ulipandwa 1868, ulipinda au ulivunjika. Sikuwa na jibu, ila swali lile hakulisahau.

Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza kimbunga Hidaya kinakuja, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa, watu wengi mtaani walisema vimbunga si vya kwetu. Mjukuu huyo mkubwa, wakati huo ana miaka 15, alizunguka nyumba kwa nyumba akisema 1872 vilikuwa vya kwetu. Alifunga makuti ya jiko kwa kamba za katani, akakata matawi makavu ya mwembe, akamsaidia nahodha kuvuta ngalawa ya mwanawe juu zaidi. Kimbunga kilidhoofika baada ya kufika Mafia. Hakuna aliyemcheka.

Ombi langu ni dogo. Kila shule ya msingi ya pwani iwe na kopo na rula, na daftari moja la mvua linalorithiwa darasa hadi darasa. Mamlaka inapotuonya juu ya mvua inayozidi milimita 50 kwa saa 24, mtoto ajue hizo ni lita 50 kwa kila mita ya mraba ya bati la mama yake, naye akasafishe mfereji kabla haijafika. Walimu wakaribishe manahodha wazee madarasani wangali hai. Wa kwetu alifariki mwaka jana. Na gazeti lako, Mhariri, lituchapie kila Jumatatu milimita za wiki, mji kwa mji.

Kopo letu bado liko uani. Leo asubuhi lilisoma 9.

Mwalimu mstaafu,
Dunda, Bagamoyo