Msimpe mfungwa habari ya msiba kupitia dirishani

Mhariri,

Ndugu wengi hapa Dodoma humfichia mfungwa kifo cha mzazi "asije akaumia", halafu anakisikia kwa mahabusu mgeni aliyetoka mtaa uleule. Hapo uchungu wa msiba unaongezewa wa kutengwa.

Ukifika gereza la Isanga au Msalato, usianzie kwa mfungwa kwenye dirisha la wageni. Omba kuonana na mkuu wa gereza au afisa ustawi. Uwe na jina lililoandikwa mahakamani (mara nyingi silo la nyumbani, na hapo ndipo watu hukwama getini) na namba ya kesi. Omba aambiwe asubuhi, faraghani, kisha ndugu mmoja amwone. Tamka "mama amefariki", si "mama hajambo kidogo". Mwambie siku, alipozikwa, na nani alitupia udongo kwa niaba yake.

Asiyetaka kuonana na ndugu aandikiwe mistari mitano tu. Barua husomwa na askari, kwa hiyo ugomvi wa shamba usiwemo.

Na mirathi: muhtasari wa kikao cha ukoo unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo umtaje mfungwa. Kufungwa hakumwondoi kwenye urithi, na akirukwa anaweza kuweka pingamizi.

Wahudumu wa kiroho magerezani,
Dodoma