Mheshimiwa, tunaomba saini yako watoto waione Kihansi

Mheshimiwa,

Kwa heshima zote, nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu barua za ofisini hazijibiwi, na juzi wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne wamerudishwa getini kwenye mitambo ya umeme ya Kihansi.

Kwenye mahafali yetu ulisimama mbele ya wazazi ukasema, "Leteni barua, kibali nitakishughulikia mwenyewe." Barua tulileta, nakala yenye mhuri wa masjala yako ninayo. Wazazi wakachanga nauli, wengine kwa kuuza mpunga kabla bei haijapanda. Tulipofika, mlinzi akapekua daftari lake ukurasa baada ya ukurasa, shule yetu haimo. Yeye simlaumu hata kidogo. Nahisi barua imekwama mezani kwa mtu anayedhani tunakwenda kutembea tu.

Mheshimiwa, mimi ni mwalimu wa fizikia. Tangu mwaka 2000 maji ya mto Kihansi yanashushwa ndani ya mwamba wa Udzungwa, zaidi ya mita 800, yakazungushe mitambo mitatu iliyo chini ya ardhi, jumla megawati 180. Darasani nachora bomba na mshale. Mngurumo wa mtambo nitauchoraje kwa chaki?

Na kuna chura wa Kihansi, asiyefika sentimita 3, anayezaa badala ya kutaga mayai. Aligunduliwa mwaka 1996 penye manyunyu ya maporomoko yale, na porini kwingine duniani hayupo. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo manyunyu yakapungua, ugonjwa wa kuvu nao ukaingia, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini ametoweka. Waliokuwa wametunzwa Marekani ndio waliowezesha arudishwe korongoni mwaka 2012. Watoto wa New York wamemwona kwa macho kwenye bustani yao ya wanyama. Wa kwetu, wanaoishi bondeni chini ya mlima huohuo, wanamjua kwa picha ya kitabuni! Hili linaniuma sana.

Korongoni hatuombi kushuka, tunajua panalindwa. Tunaomba kuingia kwenye mitambo na kuelezwa na mafundi wenyewe. Usafiri tutachanga tena, chakula tutabeba. Hawa watoto wanafanya mtihani wa taifa Novemba, kisha wanatawanyika.

Uliahidi, Mheshimiwa. Tunaomba saini yako kabla ya Novemba.

Mwalimu wa fizikia, shule ya kata